Maji Hayaulizi Kitambulisho

Maneno ya mwinjilisti katika mkutano wa maadhimisho ya ushirika, Tororo
Masomo: Ezekieli 34:17–19, Nehemia 3, Mwanzo 26:17–22

 

Baba Askofu, wachungaji wetu na mama wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, waimbaji, na ninyi wageni mliovuka mpaka kutoka Malaba, Busia, Bungoma na kwingineko, nawasalimu katika jina la Yesu. Na wewe ndugu au dada ambaye hukuweza kufika, lakini sasa umeshika gazeti hili mkononi, nakusalimu pia. Keti nasi. Neno hili ni lako kama lilivyo la wale waliokuwa hemani.

Nimepewa somo la utumishi. Siku kama hii tumezoea kuwataja waanzilishi wa kazi, waliolala njaa, waliohubiri chini ya mwembe. Ni vizuri, na tuwape heshima yao. Lakini leo naomba nizungumze juu ya watumishi wengine ambao hawamo kwenye ratiba. Ni wale wanaoongoza vyama vya kulinda mito yetu. Mwenyekiti wa kamati ya mto, katibu wake, mweka hazina wake, yule mama anayetunza kitalu cha miche, yule kijana anayezunguka ukingoni kuangalia nani amekata na nani amechimba. Wengine wao ni wapendwa wa ushirika huu. Jumapili wako kwaya, Jumatatu wako mtoni na gambuti.

Najua kuna mtu ameshaanza kujiuliza, "Mwinjilisti, mito tena? Si utuhubirie wokovu?" Subiri kidogo. Tutafika.

Kwanza tuangalie Mungu ametuweka wapi. Mpaka huu wetu haukuchorwa juu ya ukuta. Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakaliingiza upande wa Kenya, na mwaka 1926 wakaandika mpaka kwa sheria yao. Mpaka wenyewe kwa sehemu kubwa waliufuatisha maji: Sio, Alupe, Malaba, Lwakhakha, mpaka kule juu Mlima Elgon. Ndiyo maana Mteso ana shangazi ng'ambo, Msamia ana mjomba ng'ambo, na Mbukusu na Mgisu wakikaa pamoja wanasikilizana. Mto ndio uliofanywa kuwa ukuta, lakini mto wenyewe hautenganishi. Watoto wa pande mbili wanaoga pamoja. Ng'ombe wa pande mbili wanakunywa pamoja. Mwaka 2018 marais wetu wawili walifungua pale Busia kituo cha pamoja cha mpaka ili msafiri asimame mara moja tu. Maji yalikuwa na kituo chao cha pamoja tangu uumbaji. Maji hayaulizi kitambulisho.

Sikia jambo lingine. Mto Malaba unatoka Elgon, unapokea Malakisi, unateremka hadi Mpologoma, kisha unaingia Ziwa Kyoga. Mto Sio unatoka Bungoma, unateremka hadi Ziwa Victoria. Utasema mito hiyo imeachana. Lakini maji ya Victoria yanatoka Jinja kwa Mto Nile, na Nile huo unaingia Ziwa Kyoga. Kwa hiyo Sio na Malaba, zilizopita hapa karibu karibu kama ndugu wawili, zinakutana tena Kyoga na kwenda pamoja mpaka Misri, kwenye mto ule ambao kikapu cha Musa kiliwekwa. Mto unaoufulia wewe nguo una ndugu mbali sana.

Sasa tufungue Ezekieli 34. Tunaijua sana kama sura ya wachungaji wabaya. Tunapenda kuihubiri, hasa wachungaji wakiwa hawapo! Lakini kuanzia mstari wa 17 Mungu anaacha wachungaji, anageukia kondoo. Anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo. Kosa lao ni nini? Wamekunywa maji safi, kisha yaliyobaki wameyachafua kwa miguu. Na kondoo wengine wa Mungu ndio wanaokunywa hayo yaliyochafuliwa. Mpendwa, hiyo ni habari ya mtu wa juu na mtu wa chini. Mtu wa juu hana kiu tena, ameshiba, anapita na miguu yake. Mtu wa chini anainama na jerikeni anakuta matope. Na Mungu anasema, hilo nimeliona.

Hebu tuone miguu inavyochafua huko kwetu. Mtu analima mpaka ukingoni kabisa, jembe linagusa maji. Mvua ikija, udongo wote mtoni. Udongo ukijaa, kina cha mto kinapungua, na mvua kubwa ikinyesha mto hauna pa kuyaweka maji, unaingia nyumbani. Mwingine anafyeka mafunjo kwenye bwawa apande mpunga au achome matofali, na hayo mafunjo ndiyo yaliyokuwa chujio la Mungu, yakizuia taka na kuyapunguza maji mwendo. Mwingine anachimba mchanga. Mchanga ukitolewa kupita kiasi kingo zinaporomoka, na visima vya karibu vinaanza kukauka kwa sababu maji ya chini yanafuata mto unaoshuka. Mwingine anapika waragi ukingoni na masalia yote anamwaga humo. Na upande wa migodi midogo ya dhahabu ya Busia, watu wanaoshea dhahabu kwa zebaki. Zebaki haiozi. Inaingia kwenye maji, inaingia kwenye samaki, kisha inaingia kwa mama mjamzito na kumdhuru mtoto kabla hajazaliwa.

Elgon nayo imetufundisha kwa machozi. Machi 2010 udongo uliteremka Bududa ukafunika watu pale Nametsi. Oktoba 2018 ukateremka tena huko huko Bududa. Mwisho wa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku Mbale ikachukua watu na nyumba. Sisemi kila tone ni kosa la mwanadamu. Mvua ni ya Mungu. Lakini mlima uliovuliwa miti hauwezi kuishika mvua.

Kwa hiyo ndipo Mungu akaamsha watu wa kulinda. Ni akina nani?

Upande wa Kenya, sheria ya maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyoifuata, iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa maji. Wengi mnaviita WRUA. Si watu wa serikali. Ni majirani waliochaguliwa na majirani, na utaratibu mzuri ni kuchagua kutoka juu ya mto, katikati, na chini, ili wa juu asiamue peke yake. Upande wa Uganda, Wizara ya Maji na Mazingira imegawa nchi katika kanda nne za maji, na sisi wa Malaba tuko kanda ya Kyoga ambayo ofisi yake iko Mbale. Chini yake kuna kamati za mabonde, zinazokaa pamoja na wilaya na wenyeviti wa LC. Na juu ya nchi zote mbili kuna Jumuiya ya Bonde la Nile, iliyoanzishwa 1999, ambayo kupitia mpango wake wa nchi za maziwa imeshughulikia bonde hili la Sio, Malaba na Malakisi kama kitu kimoja. Hata lile bwawa la Angololo mnalolisikia, linalopangwa kwenye mto Malaba, limepita mikono hiyo.

Lakini hizo ni karatasi na ofisi. Karatasi haijawahi kupanda mti. Anayepanda ni yule mzee wa kijijini. Na hapa nataka tujifunze kwao mambo matatu, maana sisi tunaoongoza makanisa tunayahitaji.

La kwanza: wanafanya kazi mbele ya nyumba yao. Soma Nehemia 3. Wahubiri wengi huruka sura hiyo kwa sababu imejaa majina. Usiiruke. Kuhani mkuu Eliashibu ndiye wa kwanza kushika jiwe. Wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, Shalumu amekuja na binti zake. Na mara nyingi utaona fulani alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Lakini wakuu wa Tekoa hawakutaka kuinamisha shingo zao, na hilo nalo limeandikwa mpaka leo! Kamati ya mto inayofanya kazi iko hivyo. Mwenyekiti wake, ukienda kwake, ukingo wa shamba lake una mianzi na nyasi. Asingeweza kumwambia jirani arudi nyuma wakati yeye mwenyewe jembe lake liko majini. Kamati inayoanza na hotuba na fulana, bila ukingo wa mwenyekiti, haifiki mwaka wa pili.

La pili: wanahesabu kilichopona. Mnamkumbuka Profesa Wangari Maathai wa Kenya. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba kule Kamukunji, Nairobi. Saba tu. Kazi ile ikawa Green Belt Movement, na mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata, miti ilikuwa imepita milioni 30. Siri mojawapo ilikuwa nini? Wale akina mama wa vijijini walipewa kitu kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopandwa ukafa, haukuhesabiwa. Wapendwa, sisi tunapanda miti siku ya maadhimisho, tunapiga picha na mgeni wa heshima, na wiki inayofuata mbuzi wa jirani anashukuru Mungu. Si ndiyo? Na tunafanya hivyo hivyo na roho za watu. Tunaandika walioinua mikono, hatuandiki waliosimama baada ya mwaka. Kamati ya mto ina daftari la waliopona. Kanisa lina daftari gani?

La tatu: pesa wanazishika mchana. Hapa ndipo vyama vingi vimekufa, na makanisa pia. Ikija fedha ya mradi, ghafla kila mtu ni mwanamazingira. Katibu anakuwa na kikoba chake, mweka hazina hajui akaunti ina nini. Paulo katika 2 Wakorintho 8 alikuwa amebeba mchango mkubwa wa makanisa, na hakukubali kuubeba peke yake. Alichukua ndugu wengine ili asilaumiwe, akitafuta lililo jema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mbele za watu pia! Na Nehemia, miaka 12 ya uliwali hakula posho ya liwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Kiongozi wa kweli wa mto anasoma hesabu chini ya mti, wote wakisikia, mpaka mia tano ya sabuni.

Sasa niseme mzigo wao, maana msiwaone wamenyamaza mkafikiri ni rahisi.

Hawalipwi. Wanachukiwa. Mwenye tipa la mchanga anakuja usiku na noti mkononi, na nyumbani ada ya shule haijalipwa. Akikataa, anaambiwa anajifanya. Akimripoti mchimbaji upande huu, yule anavuka maji kwa hatua kumi na kuwa nchi nyingine, anakaa pale anacheka. Chifu wa Kenya hawezi kumfuata, mwenyekiti wa LC hajui kesi. Mharibifu anatumia mpaka kama ngao, na mlinzi mpaka unamfunga mikono.

Na mzigo mzito kuliko yote ni huu. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 100 kutoka ukingo wa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mingine. Kanuni za Kenya za 2007 ziliweka kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Ni kanuni nzuri. Lakini kuna mama mjane ambaye shamba lake lote, kutoka barabara mpaka mto, halifiki hizo mita. Hapo ndipo mihogo yake ilipo, hapo ndipo viazi vya watoto vilipo. Mwenyekiti wa kamati anasimama mlangoni kwake na kanuni mkononi. Amwambie nini? Akimwondoa, watoto wanalala njaa. Akimwacha, mwenye ekari kumi atasema, mbona yule mmemwacha? Na mto unaendelea kufa.

Mpendwa, swali hilo ni la kanisa kabla halijawa la serikali. Yakobo anatuambia dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane. Nimeona kamati zenye hekima zinavyofanya. Hazianzi na mjane. Zinaanza na mwenye ekari kumi. Kwa mjane zinaomba mistari michache iliyo karibu kabisa na maji, na hapo zinamsaidia kupanda nepia ya kumuuzia mwenye ng'ombe, au mianzi, au miti ya matunda ambayo mizizi yake inashika udongo, ili ukingo umlishe badala ya kumfukuza. Pengo linalobaki ndilo letu. Kanisa lenye kiwanja kikubwa kilichojaa majani haliwezi kumwambia mjane "tutakuombea" kisha likafunga geti. Mpe kipande alime misimu miwili mpaka nepia yake ikae sawa. Hayo ni maombi yenye miguu.

Na wale vijana wa mchanga? Wengi wao si wezi. Ni watoto wetu, wamemaliza shule, hakuna kazi. Ukiwafukuza mtoni bila neno lingine, watakwenda kwenye njia za panya kubeba magendo. Kamati nyingine zimewaweka katika vikundi, zikapanga mahali pa kuchimba na mahali pa kuacha, na siku za kupumzisha mto. Ni bora mchimbaji anayejulikana kwa jina kuliko kumi wa usiku. Lakini mnunuzi naye awepo kwenye hesabu. Na hapa naomba kamati zetu za ujenzi zinisikie kwa upendo: lori la mchanga linapomwagwa kwenye uwanja wa kanisa, ulizeni limetoka wapi. Tusijenge nyumba ya Bwana kwa ukingo ulioporomoka wa shamba la mtu.

Nirudi kwa yule aliyesema, tuhubiri wokovu. Wengine husema, "Yesu anarudi, mambo ya miti ni ya dunia." Ndugu yangu, anarudi kweli, Amina! Lakini katika Mathayo 24 yule mtumwa aliyesifiwa ni yule ambaye bwana wake alimkuta akifanya kazi aliyoachiwa, akiwalisha wenzake kwa wakati wake. Na kazi ya kwanza kabisa aliyopewa mwanadamu, kabla ya dhambi, Mwanzo 2:15, ilikuwa kulima bustani na kuitunza. Kulima na kutunza. Sisi tumeshika la kwanza tukaacha la pili. Tena sisi Wapentekoste tunabatiza kwa maji mengi. Tunawashusha watu wetu katika hii Malaba na hii Sio kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Inakuwaje mahali tulipozika utu wa kale Jumapili, Jumatatu tunamwaga mafuta ya pikipiki?

Wengine husema, "Hiyo ni kazi ya mashirika yenye gari." Gari litaondoka mradi ukiisha. Wewe utabaki na mto.

Sasa, ushirika huu una kitu ambacho kamati za mito hazina. Serikali mbili zinahitaji mikutano na mihuri ili zikae meza moja. Sisi tumekaa meza moja miaka yote hii. Mchungaji wa Amagoro ana namba ya simu ya mchungaji wa Tororo. Mama wa Busia ya Kenya anamjua kwa jina mama wa Busia ya Uganda, wamekesha pamoja kwenye maombi. Yule mharibifu anayevuka kwa hatua kumi atavuka kwenda wapi, kama ng'ambo kuna ndugu yetu? Isaka aligombaniwa kisima cha kwanza akakiita Eseki, cha pili akakiita Sitna, na alipopata cha tatu bila ugomvi akakiita Rehobothi, Bwana ametupa nafasi. Hata Abimeleki aliyekuwa adui alikuja kwake wakala kiapo cha amani. Mungu atupe Rehobothi katika mpaka huu.

Naomba basi mambo matatu, na viongozi wetu wayapokee wakiona vyema. Kila kanisa la mahali lililo karibu na mto limtoe mtu mmoja mwaminifu, aliyeshuhudiwa vema kama wale saba wa Matendo 6, aingie kwenye kamati ya mto wake. Kaka au dada, ila asiwe mtu wa kutafuta posho. Pili, makanisa mawili yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo yafanye urafiki, na mara mbili kwa mwaka yakutane ukingoni, yaombe, yapande, na yahesabu kilichopona tangu mara ya mwisho. Tatu, mtumishi wa mto akichukiwa kwa haki, asisimame peke yake. Mchungaji aende naye. Ukimwona mpendwa anayelinda maji ametishwa na mwenye tipa, usimwambie aache mambo hayo. Mtembelee, keti naye, umsalimie mke wake na watoto wake, mtu ajue kwamba ana watu.

Na wewe ambaye shamba lako linagusa maji, usingoje kikao. Kesho asubuhi shika kamba, pima hatua zako kutoka ukingoni, weka alama, na mwambie jirani yako umefanya nini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyegawa maji na nchi kavu, wakumbuke watumishi wako wa mito hii, wa pande zote mbili. Walinde usiku wanapotembea ukingoni. Watie nguvu wanapokataa rushwa huku watoto wanadai karo. Mkumbuke mjane na mihogo yake. Tusamehe kwa miguu yetu iliyochafua maji ya wengine, na utufanye tuwe watu ambao wa chini yetu watakunywa safi. Katika jina la Yesu.

Amina.